Mboga, matunda na saratani ya matiti: Soko la Meru lisiuze ahadi

HOJA kwamba mboga na matunda hukinga saratani ya matiti ni tamu kwa kila anayepanga mafungu sokoni Tengeru au kupokea matenga ya nyanya Kilombero, jijini Arusha. Ni hoja yenye ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo una mipaka, na mfanyabiashara anayeivuka anaweza kumponza mteja na kuiharibu biashara yake mwenyewe.

Ushahidi wa karibu kabisa unatoka jirani, Moshi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake 115 wenye saratani ya matiti katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, waliolinganishwa na wanawake 230 wa umri na wilaya zilezile wasio na ugonjwa huo. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Giessen cha Ujerumani, waliwauliza walichokula mwaka uliotangulia.

Ilibainika kuwa waliokula zaidi mafuta, siagi, nyama nyekundu na maziwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua. Waliokula zaidi samaki, maembe, mapapai, maparachichi na matunda yenye maji mengi walikuwa na uwezekano mdogo.

Hata hivyo, utafiti wa aina hii hutegemea kumbukumbu za wanaohojiwa, na mgonjwa anaweza kukumbuka chakula chake tofauti na mtu mzima wa afya. Aidha, anayemudu matunda kila siku huenda anatofautiana na mwenzake kwa mambo mengine mengi. Matokeo hayo si amri ya kuacha maziwa, wala hayaligeuzi papai kuwa dawa.

Tafiti kubwa za nje zinaelekea upande huohuo, ila kwa hatua fupi. Nchini Marekani, wauguzi wanawake zaidi ya 182,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi. Waliokula zaidi ya vipimo vitano na nusu vya mboga na matunda kwa siku walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 11 kuliko waliokula viwili na nusu au pungufu. Faida ilionekana zaidi kwa mboga za jamii ya kabichi na zenye rangi ya njano au chungwa.

Asilimia 11 si haba, lakini si kinga kamili. Mambo yenye ushahidi mzito zaidi ni mengine: pombe na unene baada ya kukoma hedhi huongeza hatari, wakati kunyonyesha na kufanya kazi za kutoa jasho huipunguza.

Soko lipo nyumbani

Kwa mkulima, habari kubwa ipo katika hesabu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi wala mihogo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Jiji la Arusha lina watu zaidi ya 617,000. Hata watoto wadogo wakipunguziwa kipimo, jiji pekee linahitaji zaidi ya tani 200 kila siku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 nchini hawafikii kiwango hicho. Pengo hilo ni soko ambalo halihitaji ndege wala kibali cha kusafirisha nje.

Mlima Meru una mvua, maji ya mifereji na udongo wa volkano. Tengeru kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha bustani cha Serikali, na Kituo cha Mboga Duniani, kinachojulikana pia kama AVRDC, kimekuwa na ofisi ya kanda Arusha tangu mwaka 1992. Nyanya aina ya Tengeru 97, inayopendwa kwa ganda lake gumu linalovumilia safari, ilitokana na kazi za huko. Vilevile mnavu, mgagani, mchicha na ngogwe, vilivyowahi kudharauliwa kama chakula cha maskini, vimepata mbegu bora na wateja.

Sumu inaweza kuua biashara

Lakini anayeuza afya lazima aanze na afya ya shamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na wataalamu wa TPRI ya Arusha, ambayo majukumu yake sasa yako chini ya TPHPA, ulionyesha kuwa wakulima 68 kati ya 100 wa mboga waliohojiwa kaskazini mwa Tanzania waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza viuatilifu. Theluthi moja hivi walichanganya dawa zaidi ya moja katika pampu.

Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na zimeandikwa kwenye kibandiko chake. Mkulima anayepuliza leo na kuvuna kesho kwa sababu dalali amefika na gari anamuuzia mama wa jijini kitu kisichofanana na afya aliyoahidiwa. Anayeandika tarehe ya kupuliza kwenye daftari ana cha kumwonyesha mnunuzi wa hoteli au shule akiulizwa.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito. Wanawake wengi nchini hufika hospitali saratani ikiwa imekwishasambaa, wakati ikigunduliwa mapema inatibika. Mama anayehisi uvimbe kwenye titi kisha akaambiwa sokoni kuwa mnavu utamsaidia, anapotezewa miezi ambayo hawezi kuirudisha. Muuzaji mwaminifu atamuuzia mnavu kama chakula, na kumhimiza aende hospitali siku hiyohiyo.