Bwawa Limejaa, Transfoma Haijafika

Mtambo wa tisa na wa mwisho katika Bwawa la Julius Nyerere, kule Rufiji, ulikamilika mwaka 2025. Kituo kile kimoja chaweza sasa kutoa megawati 2,115, na mahitaji ya nchi nzima katika mwaka 2024, hata katika saa ya matumizi makubwa kabisa, hayakufika megawati 2,000. Ni kazi kubwa, na Mtanzania anayejivunia kazi hiyo hakosei. Lakini fundi seremala wa Rungwe ambaye msumeno wake hulegea kila ifikapo saa moja ya usiku, majirani wanapowasha taa na televisheni, hana haja ya kuhesabiwa megawati. Yeye ataka kujua kwa nini umeme uliojaa Rufiji humfikia ukiwa umechoka. Swali lake ni la haki, nasi twaona kwamba jibu lake halimo katika maji ya bwawa. Limo katika vitu ambavyo havipigwi picha siku ya sherehe: nguzo, waya, vikombe vya kauri, swichi na, zaidi ya vyote, transfoma.

Yafaa tueleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa wengi hudhani kwamba umeme ukisha kuzalishwa umekwisha kupatikana. Umeme utokao mbali husafirishwa kwa msongo mkubwa ili usipotee njiani. Huingia Mbeya kwa njia ya kilovolti 220 itokayo Kidatu kupitia Iringa na Mufindi. Hapo hushushwa hadi kilovolti 33, ndipo uvuke safu ya Uporoto kuelekea Tukuyu, na katika kijiji hushushwa tena hadi volti 400 na 230 zinazofaa mashine na taa. Kila mahali ushushwapo pataka transfoma, na kila transfoma ina ukomo wa mzigo wake, kama punda. Ukimzidishia punda hukaidi au huanguka. Transfoma hupunguza nguvu za umeme, huchemka, na siku moja huungua, na mtaa mzima hurudi kwenye kibatari.

Kwamba njia ni jambo zito kuliko chanzo, Serikali yenyewe ilikwisha kulieleza. Mwaka 2025 ilipotangaza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, wako watu waliocheka: bwawa limejaa, nasi twaenda kwa jirani na ndoo? Jibu lilikuwa kwamba umeme mwingi hupotea katika safari ndefu ya kwenda Kaskazini. Hiyo ndiyo hesabu ya waya, na haina mzaha.

Sasa tuje nyumbani. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimepanda vilima ambavyo babu zetu hawakudhani vitapata kuona taa, na vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimetangazwa kuwa vimefikiwa. Lakini kijiji kufikiwa ni neno moja, na nyumba kuwaka ni neno lingine. Vitongoji vya Tanzania Bara vyapita 64,000, na kazi ya kuvifikia ndiyo iliyo mkononi sasa. Hapa Rungwe kazi hiyo ina ugumu wake. Nyumba zetu hazikupangwa mstari mmoja kando ya barabara. Kila mtu amejenga ndani ya migomba yake, huyu juu ya kilima, yule ng'ambo ya kijito. Nyumba kumi za Unyakyusa huweza kutaka waya ambao kwingine ungetosha nyumba thelathini. Tena mvua hapa hainyeshi kwa adabu, radi hupiga, na miti huangukia nyaya.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Transfoma ya kVA 50 ni kitu cha kawaida vijijini. Mashine moja ya kusaga yenye nguvu za farasi 20 hula kama kilowati 15. Mashine mbili zikisaga pamoja zimekwisha kula 30. Kinachobaki kwa kitongoji kizima ni kama kilowati 15, na hizo humalizwa na pasi kumi na tano za umeme zikiwashwa Jumapili asubuhi. Basi aliyepima mahitaji ya kijiji kwa kuhesabu taa tu amepima nguo bila kumwona mvaaji. Na palipopelekwa umeme wa fezi moja ili kupunguza gharama, mashine kubwa ya fezi tatu haiwezi kuzunguka hata kidogo.

Rungwe si nchi ya taa tu. Ni nchi ya chai, na jani la chai likisha kuchumwa halingoji. Umeme ukikatika kiwandani katikati ya kazi, jani huharibika na mkulima hupunjwa bei. Ni nchi ya maziwa, ambayo yasipopozwa jioni hiyo huwa mtindi usiokusudiwa. Ni nchi ya parachichi zipelekwazo ng'ambo, nazo zataka vyumba vya baridi. Kuna kampuni ya TOL ivunayo gesi ya kaboni iliyo chini ya ardhi yetu ya volkano, na kuna mafundi wa mbao na wa kuchomelea vyuma kutoka Kiwira mpaka Tukuyu mjini. Watu hawa ndio soko la kweli la umeme, kwa maana wao hununua mchana na usiku, na kwa fedha zao TANESCO huweza kumtunza mteja mdogo. Mteja wa kijijini huunganishwa kwa Sh. 27,000, hali mteja wa mjini, tangu Januari 2022, hulipa Sh. 320,960 hata kama hahitaji nguzo. Gharama halisi ya vifaa haikushuka kwa sababu bei ya kijijini ni ndogo. Imebebwa na mfuko mwingine, na mfuko huo una mwisho.

Na vifaa vyenyewe havipatikani kama zamani. Msomaji asidhani kwamba foleni hii ni ya Rungwe peke yake. Tangu mwaka 2021 hata Marekani yenye mali nyingi imelia kwa uhaba wa transfoma. Shirika la Kimataifa la Nishati, lenye makao yake Paris, lilieleza mwanzoni mwa mwaka 2025 kwamba mnunuzi wa kebo kubwa hungoja miaka miwili au mitatu, na mnunuzi wa transfoma kubwa huweza kungoja hata miaka minne. Bei ya kebo ilikuwa imekaribia mara mbili ya ile ya mwaka 2019, na ya transfoma ilikuwa imepanda kwa karibu robo tatu. Sababu ni nyingi: nchi tajiri zabadilisha gridi zao zilizozeeka, zaunganisha umeme wa jua na wa upepo, zajaza magari ya umeme, na majumba makubwa ya kompyuta yala umeme kama miji. Chuma maalumu kiwekwacho katika kiini cha transfoma hutengenezwa na viwanda vichache sana duniani. Transfoma yetu ndogo ya kijijini ni nyepesi kuipata kuliko ile kubwa ya kituo, lakini zote mbili zanywa katika kisima kimoja cha chuma hicho, shaba na mafuta.

Afrika nayo yakwenda katika soko hilo hilo. Mwezi wa Januari 2025 wakuu wa nchi na wajumbe wao walikutana Dar es Salaam, wakaafiki mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Twaupongeza mpango huo. Lakini nchi nyingi zikipewa fedha kwa wakati mmoja, zinunue vitu vya namna moja, kwa wauzaji wale wale wachache, nani asiyejua yatakayotokea kwa bei? Mwenye kuagiza mapema na kwa wingi atahudumiwa. Mwenye kuagiza transfoma ishirini leo na kumi mwakani atasimama nyuma ya mlango.

Lipo jambo moja linalotuuma kila tulionapo. Simama Uyole, pale ambapo njia ya Tukuyu yaiacha barabara kuu ya Zambia. Malori hupita mchana na usiku yakiwa na shaba ya Zambia na ya Kongo, yakishuka bandarini Dar es Salaam. Shaba ile husafiri bahari, huyeyushwa, huvutwa kuwa waya, husukwa ndani ya transfoma, kisha huturudia kwa bei ya mgeni. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa mwaka 1976, na tangu siku hiyo sisi tumekuwa mlango wa shaba. Mlango hauli chakula kipitacho.

Hata hivyo hatukukaa mikono mitupu, na atakayesema kwamba Tanzania haina kiwanda cha transfoma amekosa. Tanelec ya Arusha imekuwa ikitengeneza transfoma tangu miaka ya themanini, na soko lake limevuka mipaka yetu. Dar es Salaam kuna viwanda vya nyaya, na Kigamboni kampuni ya Elsewedy ya Misri, mshirika katika ujenzi wa bwawa la Rufiji, imejenga kiwanda cha kebo, transfoma na mita. Mwaka 2017 Serikali iliwaelekeza wakandarasi wa umeme vijijini wanunue nguzo, nyaya na transfoma za nchini. Uamuzi ule ulikuwa mwema. Upungufu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba uliwaambia wanunuzi waende wapi bila kuwaambia wenye viwanda watauza kiasi gani. Kiwanda hakiwezi kununua chuma na shaba ya miaka mitatu kwa kutegemea oda za mwaka mmoja wa fedha. Mradi mmoja ukianza, wakandarasi wote hugonga mlango siku moja; mradi ukisimama, mashine hupata vumbi na mafundi hutafuta kazi kwingine. Serikali, TANESCO na REA wakiweka oda ya miaka mitano, iliyoandikwa na kulipiwa kwa vipindi, kiwanda kitaweza kwenda mwenyewe kusimama mbele katika foleni ya dunia.

Wako watakaosema kwamba ulinzi wa namna hii utatuletea vitu vibovu kwa bei kubwa. Hofu hiyo si ya bure. Transfoma ipimwe kabla ya kutoka kiwandani, na ikishindwa irudi, iwe ya Arusha au ya Shanghai. Kununua cha nyumbani si kufumba macho.

Kuhusu nguzo, Rungwe yaweza kusema kwa sauti yake. Kilomita moja ya njia ndogo ya umeme yataka nguzo ishirini au zaidi, zenye urefu wa mita 9 na kuendelea. Nguzo nyingi za nchi hii hutoka nyanda hizi zetu za juu, hasa Iringa na Njombe, nazo ni miti ya mkaratusi iliyokwisha kutiwa dawa. Mkaratusi waota hapa vizuri, wala mkulima hahitaji kufundishwa. Baada ya miaka 8 mpaka 12 waweza kuwa nguzo. Kinachomfanya aukate ungali mchanga na kuuza kuni ni kwamba hana mnunuzi aliyemwahidi neno lolote. Akiahidiwa, atangoja. Lakini na tuseme wazi, mti huo usipandwe katika vyanzo vya maji. Mkulima akiyakausha maji ya kijito ili auze nguzo ya kuleta umeme utokanao na maji, atakuwa amekula mbegu. Na katika mabonde yaliyolowa mwaka mzima, ambako mti huoza chini ya ardhi kabla ya wakati, afadhali ziwekwe nguzo za zege, ambazo TANESCO yenyewe ina kampuni ya kuzitengeneza.

Kazi ya kwanza yaweza kuanza Tukuyu bila kungoja mtu wa Dodoma. Halmashauri za Rungwe na Busokelo zina watendaji katika kila kijiji. Watumwe waandike mashine ngapi za kusaga zatumia dizeli zikingoja umeme, vituo vingapi vya maziwa vyataka majokofu, ni wapi pana fezi moja palipostahili tatu, transfoma ipi huzima saa moja ya usiku na mara ngapi kwa mwezi. Meneja wa TANESCO wa wilaya akae nao, apime. Orodha hiyo ikiwa tayari mwezi wa Januari, wabunge wetu watakuwa nayo mkononi kabla bajeti ya Wizara ya Nishati haijasomwa. Ikiwa tayari mwezi wa Julai, fedha za mwaka zitakuwa zimekwisha kugawanywa, na fundi wetu seremala atangoja mwaka mwingine.