Kona ya Walimu: Mbona maswali mengi hivyo?

Mwezi huu tumeulizwa sana: mtu akitaka kulea mtoto aliyefika kambini peke yake, mbona wanakuja kwake mara mbili tatu kumhoji kama mshitakiwa? Mama mmoja alituambia wazi, "Watano wangu niliwazaa bila kuhojiwa na mtu."

Ni kweli, mama. Lakini sisi walimu tuliwahi kuwa na mtoto wa darasa la tatu, kila siku analala juu ya dawati. Tukamgombeza. Kumbe alikuwa anaamka alfajiri kupanga foleni ya maji, kisha kuni, na watoto wa nyumba ile bado wako kwenye blanketi. Ukimuuliza, "Niko sawa, mwalimu." Kwenye kadi ya chakula jina lake lilikuwepo. Kwenye sahani alikuwa wa mwisho.

Basi ndiyo maana wanaangalia mtoto atalala wapi na nani, na kama mume na mke wote wamekubali. (Baba akikubali ili mama anyamaze, mtoto ataona tu.) Majirani nao wanaulizwa. Umaskini hauzuii, hapa nani tajiri? Tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 20, unataka lugha, dini na mila za mtoto ziangaliwe. Kwa hiyo mtoto wa Kibembe akitafutiwa Wabembe kwanza, msiseme ni ukabila. Na mtoto mwenyewe aulizwe, pembeni, sio mbele ya wakubwa.

Swali gumu ni hili: ndugu zake wakipatikana Kongo, utamwachia? Maana Msalaba Mwekundu wanatafuta ndugu hata miaka imepita. Baba mmoja tuliyemtembelea alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Nitalia. Lakini mizigo yake nitaifunga mimi mwenyewe." Sisi tuliokaa kwenye mkeka tuliangalia chini.

Yule wa darasa la tatu yuko familia nyingine sasa. Anasinzia mara moja moja, ila hesabu anafanya.

Kuna wengine mnalea mtoto wa marehemu jirani kimyakimya, mnaogopa mkimwandikisha atachukuliwa. Tunaelewa. Lakini asipoandikwa, hata mjomba wake akimtafuta hatamwona. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji awapeleke kwa watu wa ulinzi wa mtoto, au mtukute shuleni baada ya vipindi, tutawasindikiza.