Uliza Karo Kwanza, Jina Baadaye

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita inapokaribia, vijana wetu huanza kuiota Marekani. Jambo hilo si baya. Mimi mwenyewe nilisoma huko miaka minne kwa msaada wa chuo, na wadogo zangu wa hapa huniandikia kutaka shauri. Karibu wote huuliza, "Chuo gani ni mashuhuri?" Naona afadhali mtoto wa mkulima aulize, "Chuo gani kitanilipia?"

Yafaa tujue mambo yalivyo. Msaada wa karo ambao serikali ya Marekani huwapa vijana wake hautufikii sisi wageni. Vyuo vingi vya majimbo navyo humtoza mgeni zaidi kuliko mwenyeji, na msaada wao kwake ni haba. Basi tumaini letu kubwa limo katika vyuo vya watu binafsi vyenye hazina yao wenyewe, wala hivyo havifanani.

Yapo maswali mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza, je, chuo hutazama umaskini wako kinapoamua kukupokea? La pili, kikisha kukupokea, je, hulipa upungufu wote, yaani tofauti kati ya gharama zake na uwezo wa wazazi wako? Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havitazami umaskini wa mgeni, na hulipa upungufu wote. Dartmouth na Bowdoin vilifuata mwaka 2022. Lakini mlango wa vyuo hivi ni mwembamba sana: Harvard hupokea watu chini ya 5 katika kila waombaji 100. Vyuo vingine, kama Macalester, na Mount Holyoke cha wanawake, hutazama uwezo wa mgeni kabla ya kumpokea, lakini wakimpokea humlipia upungufu wote. Tena kipo Berea, katika jimbo la Kentucky, ambacho hakitozi ada ya masomo tangu mwaka 1892. Kila mwanafunzi wake hufanya kazi ya chuo saa 10 au zaidi kwa juma.

Hatari iko kwingine. Viko vyuo vinavyompokea mgeni upesi na kumtangazia skolashipu kwa maneno matamu. Tufanye hesabu. Gharama zikiwa dola 60,000 kwa mwaka, na skolashipu ikiwa dola 25,000, zimebaki dola 35,000. Kwa miaka minne ni dola 140,000. Nani kati ya wazazi wetu anazo? Hata hivyo jamaa hukusanyika, shamba likauzwa, ili mtoto avuke mwaka wa kwanza. Ng'ombe huuzwa mara moja, bali karo hudaiwa kila mwaka. Wala kijana asijidanganye kwamba atafanya kazi huko ajilipie, kwa maana sheria ya visa ya mwanafunzi kwa kawaida humruhusu kazi ya chuoni tu, isiyozidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Fedha hizo hununua vitabu na sabuni, hazilipi karo.

Wengine watasema kwamba chuo kisichojulikana hakimfai mtu. Nawajibu kwa mifano miwili. Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma katika chuo kidogo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, Kansas, akahitimu mwaka 1964. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kofi Annan wa Ghana alihitimu Macalester mwaka 1961, kisha akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ni wangapi hapa shuleni waliopata kuvisikia vyuo hivyo?

Basi shauri langu ni hili. Kabla ya kujaza fomu yoyote, kiandikie chuo ukiulize maswali yale mawili, nawe uwataje wazazi wako kwa uwezo wao halisi. Omba usamehewe ada ya maombi. Vyuo vingi husamehe kwa anayeomba. Wala usiiache Makerere ukingoja barua ya ng'ambo, maana milango ya ng'ambo hufungwa bila hodi. Mwezi wa Juni 2025 Marekani ilisimamisha visa za wanafunzi kutoka Burundi.

Kwenu walimu na wazee wa shule hii nina ombi. Tumezoea kumpigia makofi kila anayepokelewa Marekani, jina la chuo likisomwa mbele ya shule nzima. Makofi hayo ndiyo yanayomfanya baba aone haya kusema hana fedha. Tuyaweke kwanza mpaka tujue karo inatoka wapi. Na aliyepata nafasi ya Makerere ambayo nyumba yao yaiweza, tumpigie makofi yale yale. Chuo kilichokuita bila kukuonyesha njia ya kulipa bado hakijakuita.

Mwanafunzi wa Zamani