Umeme Bila Waya: Tuutie Wapi?

Siku hizi mabishano ya bwenini kwetu ni juu ya motokaa za umeme zinazojazwa nguvu pasipo waya. Wenzangu wengi wanataka Uganda ichimbe barabara zake na kuzika koili chini ya lami, gari lijazwe huku linakwenda. Mimi nawapinga.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe. Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua ya kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu, ingawa haugusani na kitu. Basi koili moja hulazwa ardhini, ya pili hufungwa chini ya gari. Umeme wa kwendakurudi ukipita katika ile ya chini, ile ya juu nayo hupata umeme na kuupeleka katika betri. Hapana uchawi. Lakini koili zikiachana mbali, au gari likisimama upande, nguvu hupotea.

Chombo kinachofaa hasa ni basi, kwa sababu basi lajua litakaposimama. Mjini Milton Keynes, Uingereza, mwaka 2014 mabasi manane ya umeme yalitiwa katika njia moja. Likifika mwisho wa safari, basi lilisimama juu ya koili dakika kumi hivi, kisha likarudi. Koili chache zikatosha njia nzima! Kule Gumi, Korea Kusini, mwaka 2013, ziliwekwa katika sehemu chache tu za njia ya kilomita 24. Hata Detroit, mji wa motokaa, mwaka 2023 walianza na kipande cha mita 400 hivi. Ikiwa matajiri wanakwenda mwendo wa kinyonga, sisi twakimbilia wapi?

Kiwanda cha Kiira Motors, Jinja, kinaunda mabasi ya umeme. Koili zitiwe katika vituo vyao vya mwisho, yatosha. Bodaboda za umeme za Kampala hazizihitaji: mwendeshaji hubadili betri iliyokwisha kwa iliyojaa, akaenda zake. Na lami yetu nani asiyeijua? Mvua ya msimu mmoja huitoboa. Shimo likifika kwenye koili, nani atalipa?

Wenzangu hujibu kwamba waya ni mambo ya kale. Na uwe wa kale! Viko vijiji vingi ambavyo waya huo wa kale haujafika, na watoto husoma kwa kibatari. Fedha za kuchimba lami ningezinunulia nguzo za huko kwanza.

Ninyi ndugu zetu mliotangulia hapa shuleni, ambao sasa ni mainjinia wa barabara na umeme, tuandikieni katika toleo lijalo: kilomita moja ya koili ni shilingi ngapi, na kilomita moja ya nguzo ni ngapi?