Kulala Mlimani



Sisi wa Bukavu twakaa mita 1,500 hivi juu ya bahari, nasi hujiona watu wa milima. Lakini apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala katika vibanda vya Mandara, mita 2,720. Horombo, mita 3,720. Na Kibo, mita 4,700 na zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na usiku maji huganda.

Basi agizeni vitanda mapema, maana ni vya kuhesabika, wala hairuhusiwi kupanda bila kiongozi. Chukueni mfuko wa kulalia, sweta, kofia ya sufu na taa. Tena pangeni kulala Horombo siku mbili, mwili upate kuzoea.

Mwenye nguvu ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kichwa humwuma, hutapika, naye hunyamaza asichekwe. Kunyamaza huko kwaweza kumwua: ubongo huvimba, au mapafu hujaa maji. Dawa ya kwanza ni kushuka, hata usiku wa manane.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, patana na mwenzako: atakayeugua aseme, na mwenzake ashuke naye bila kunung'unika. Kilele hakihami.