Washambuliaji Wetu Wasiachwe Peke Yao

Tarehe 21 Januari, 2024, huko San Pédro, Ivory Coast, Taifa Stars ilipambana na Zambia kugombea Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika ya 11 Mbwana Samatta alimpa mpira Simon Msuva, naye akautia wavuni. Kabla ya mapumziko Zambia ikabakiwa na watu 10. Kipindi cha pili kizima tulikuwa na mtu mmoja zaidi, wala bao la pili halikupatikana. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha.

Wako wanaodai kuwa dawa ni kuongeza mshambuliaji. Sisi hatukubaliani nao. Brazil ya mwaka 1958 ilisifika kwa washambuliaji wake wanne, lakini mmoja wao, Zagallo, alikuwa akirudi nyuma kusaidia katikati, na Nilton Santos, ambaye ni beki, alipanda akawafunga Austria. Mpango wa karatasini haufungi bao. Bao letu lilitokana na watu wawili waliokuwa karibu karibu.

Basi tunawataka wakuu wa timu wafanye zoezi hili kila wiki: 11 kwa 10, mabeki wa pembeni wapande, na viungo wawafuate washambuliaji hadi langoni.