Adabu ya Kuuliza

Baadhi yenu wanafunzi hapa Usagara mnaelekea Tanga Ufundi, na inshallah mtasomea uhandisi. Tunawausia: zoeeni kuuliza.

Uhandisi ulianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na wanafunzi wake hupelekwa viwandani kujifunza kwa vitendo. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ikaanzisha mpango wa kuwalea wahitimu miaka 3 chini ya wahandisi wazoefu. Kwa nini, na shahada wanazo? Hesabu ya nguzo unaifanya peke yako. Daraja halijengwi na mtu mmoja. Fundi wa miaka 20 anajua mlio wa mashine unapobadilika. Usipojua kumsalimu na kumsikiliza, hakuambii. Nawe usipothubutu kumwambia mkubwa wako kwamba zege halijashika, watu watapandishwa juu yake.

Huku kwetu pwani mtoto mkimya ndiye huitwa mwenye adabu. Hatukubaliani. "Maalim, hapo sijafahamu" ni adabu pia, na anayeogopa kuitamka darasani hataitamka kazini. Ndiyo maana tunapenda mwanafunzi asimame, aeleze somo, wenzake wamhoji. Kelele zipo, majirani watuvumilie.